Mali Bila Daftari: Nani Anatunza Sauti za Misitu Yetu?

Mnamo Juni 2024 jarida la kisayansi la Nature Ecology & Evolution lilichapisha makala iliyozua mjadala mkubwa kote ulimwenguni. Watafiti walidai kwamba ndovu wa Amboseli, Samburu na Buffalo Springs, yaani ndovu wetu hapa Kenya, huitana kwa miito maalumu inayokaribiana na majina. Walichanganua miito 469. Tarakilishi iliyofunzwa kuichambua iliweza kumtambua ndovu aliyekuwa akiitwa katika asilimia 27.5 ya miito hiyo, kiwango ambacho kingali kidogo lakini kinazidi kwa mbali kile cha kubahatisha. Isitoshe, ndovu 17 walipochezewa kanda uwandani, waliitika upesi na kwa nguvu zaidi waliposikia mwito uliokusudiwa wao kuliko ule uliomkusudia mwenzao.

Magazeti yalishangilia, na sisi wanaisimu tukaanza ule ubishi wetu wa jadi kuhusu kitu gani kistahilicho kuitwa jina na kitu gani kistahilicho kuitwa lugha. Ubishi huo una mahali pake, ila leo sikusudii kuuendeleza. Nakusudia kuuliza swali linaloonekana duni, lakini ambalo bila jibu lake ugunduzi huo haungalikuwapo: je, kanda zenyewe zilitoka wapi?

Zilinaswa kati ya mwaka 1986 na 2022. Tafakari basi, ewe msomaji. Mwito uliorekodiwa Amboseli mwaka 1986 ulinaswa wakati ambapo hapakuwa na tarakilishi yenye uwezo wa kuuchambua hivyo. Aliyeurekodi hakujua kwamba miaka 38 baadaye ungetumiwa kuthibitisha jambo ambalo hata halikuwa swali wakati huo. Kilichouokoa mwito huo si ubora wa kinasasauti pekee. Kilichouokoa ni kwamba kando ya kanda palikuwa na maandishi: ni ndovu gani aliyeita, alimwita nani, walikuwa wapi, siku gani, nao walikuwa wakifanya nini. Ukiyaondoa maandishi hayo, unabaki na mngurumo mtupu. Wahenga walitwambia zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana shaka walimfikiria mfanyabiashara wa duka, lakini usemi wao unamfaa mwanasayansi wa misitu kwa namna ya ajabu.

Hoja yangu leo ni kwamba Kenya ni tajiri wa sauti za pori na ni maskini wa daftari lake. Na maadamu vifaa vya kunasa sauti vimekuwa rahisi, umaskini huo unazidi kila msimu.

Kwanza tuelewe kwa nini wanaikolojia wanahangaika na sauti. Msituni jicho halifiki mbali. Mtu anaweza kutembea Kakamega siku nzima asimwone hata nusu ya ndege wanaomwimbia. Lakini kila kiumbe chenye sauti hujitangaza: ndege alfajiri, vyura baada ya mvua, perere usiku wa manane, popo kwa sauti nyembamba mno zisizofikiwa na sikio letu. Ukiviacha vinasasauti msituni kwa miezi, utapata sensa isiyomtisha mnyama yeyote. Katika mbuga ya Nouabalé-Ndoki, nchini Kongo-Brazzaville, mradi wa Chuo Kikuu cha Cornell wa kusikiliza ndovu umetawanya vinasasauti 50 katika eneo la kilomita 1,250 za mraba. Humo msituni ndovu hawaonekani hata kwa ndege za angani kwa sababu ya matawi yaliyofumana, lakini husikika. Pamoja nao husikika jambo jingine ambalo wakuu wa mbuga wanahitaji kulijua: milio ya bunduki za wawindaji haramu.

Miaka ya nyuma kazi hii ilihitaji mitambo ghali. Tangu mwaka 2017 kifaa kinachotoshea kiganjani, kiitwacho AudioMoth, kimepatikana kwa bei ambayo hata mwanafunzi wa uzamili anaweza kuifikiria. Ni baraka kubwa. Lakini baraka ikimiminika mahali pasipo chombo cha kuipokea, huwa mafuriko.

Tufanye hesabu. Kinasasauti kimoja kikichukua sauti kwa kiwango cha kawaida cha sampuli 48,000 kila sekunde, kila sampuli ikichukua baiti mbili, hujaza takriban gigabaiti 8.3 kwa siku. Kikiachwa mwaka mzima, hujaza terabaiti 3. Tuseme sasa mwalimu mmoja na wanafunzi wake wametundika vinasasauti 10 katika msitu wa Kakamega. Mwisho wa mwaka watakuwa na terabaiti 30 na saa 87,600 za sauti. Mtu akiajiriwa azisikilize, saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, atamaliza baada ya miaka karibu 44. Ataanza kazi akiwa kijana na atastaafu kabla ya kuufikia mwezi wa Desemba wa mwaka ule mmoja uliorekodiwa.

Bila shaka hakuna anayesikiliza hivyo siku hizi. Kazi hiyo hupewa akili bandia, nayo huifanya kwa kasi. Hata hivyo akili bandia haijui ila ilichofunzwa. Mwaka 2023 mashindano ya kimataifa ya BirdCLEF, ambayo huwashindanisha wataalamu wa tarakilishi kutambua ndege kwa sauti, yalihusu ndege wa Afrika Mashariki, aina 264, kwa rekodi za kupimia zilizotoka Kenya. Sauti za kufundishia mashine zilitoka Xeno-canto, hazina ya mtandaoni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005 na inayojazwa na watu wa kujitolea. Hazina kama hiyo ina rekodi tele za ndege wa Ulaya, ilhali baadhi ya ndege wetu wana rekodi chache mno. Ndege asiye na kanda zilizoandikwa jina lake kwa usahihi ni kama hayupo machoni pa mashine. Msitu utahesabiwa, naye hatakuwa katika hesabu.

Hapa ndipo tatizo linapogeuka kutoka kuwa la wanaikolojia na kuwa letu sote, kwa sababu linahusu jinsi ya kuandika daftari. Nitataja mambo manne.

La kwanza ni saa. Vinasasauti vingi hutunza wakati kwa majira ya Greenwich, yaliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ndege wanapoanza kuimba saa kumi na mbili asubuhi, jina la faili husema 030000. Mwanafunzi wa Nairobi akilisoma kwa haraka, atadhani ni saa tisa za usiku. Naye msaidizi wa utafiti kijijini, aliyeandika katika daftari lake "12" kwa hesabu ya Kiswahili, atamfanya msomaji aliyezoea saa za Kiingereza adhani ni adhuhuri. Alfajiri moja imepata saa tatu tofauti, na wote watatu hawakusema uongo. Utafiti unaochunguza iwapo ndege wameanza kuimba mapema kwa sababu ya joto au taa za mjini utaporomoka kwa kosa hilo dogo.

La pili ni namna ya kubana sauti. Nafasi ikiwa haba, kishawishi ni kuyageuza mafaili yawe ya MP3, kama tufanyavyo kwa muziki. Lakini MP3 ilibuniwa kwa kutupilia mbali yale ambayo sikio la binadamu halitayakosa. Ndovu husemezana pia kwa mitetemo iliyo chini ya 20 kwa sekunde, nao popo wengi hulia juu ya mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sikio letu halisikii lolote kati ya hayo. Kumpa binadamu sikio la kuamua ni sauti ipi ya msitu itupwe ni kumpa fisi ghala la nyama. Ipo njia ya kubana faili bila kutupa chochote, iitwayo FLAC, inayoweza kupunguza ukubwa wake kwa kiasi kizuri. Anayeijua huokoa nafasi na kanda pia, na asiyeijua hupoteza kanda bila kutambua.

La tatu ni majina. Jina la kisayansi la ndege hubadilika kadiri wataalamu wanavyogawanya aina moja kuwa mbili au kuunganisha mbili kuwa moja. Daftari lisilotaja ni orodha ipi ya majina iliyofuatwa, na ya mwaka gani, litamchanganya msomaji wa kesho. Fauka ya hayo, majina ya wenyeji hayaandikwi kamwe, na hilo ni kosa. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtafiti Mkenya, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu Waboran wa kaskazini mwa Kenya na ndege anayewaongoza kwenye mizinga ya nyuki mwitu. Waboran walidai kwamba mlio na mwenendo wa ndege huyo huwaeleza upande ulipo mzinga na umbali wake. Madai yao yalipimwa yakathibitika. Katika maeneo wasiyoyafahamu, walipotafuta bila ndege walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Walipoongozwa naye, saa 3.2. Wazee wale walikuwa na maelezo ya sauti ambayo hayakuwa katika maktaba yoyote. Ni wangapi wengine, katika Mau, Taita na Mijikenda, wanaojua mlio upi hutangulia mvua na mlio upi hutangaza chui, na ambao vinasasauti vyetu vimetundikwa juu ya vichwa vyao bila yeyote kuwauliza?

La nne ni faragha na usalama. Kinasasauti hakichagui. Kitamnasa bundi mdogo wa Sokoke, na kitawanasa pia kina mama wanaookota kuni wakizungumza siri zao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sauti ya mtu ni mali yake hata akiwa chini ya mti. Vilevile, rekodi inayoonyesha ndovu hupita wapi na saa ngapi ni hazina kwa mtafiti, na ni ramani kwa jangili. Hazina nzuri basi si ile iliyofunguliwa yote, wala si ile iliyofungwa yote. Ni ile yenye mlinda mlango anayejua ni nani apewe nini.

Sasa tuulize hazina hiyo ya Kenya iko wapi. Sauti za ndege wetu zilianza kunaswa zamani. Myles North, afisa wa utawala katika Kenya ya ukoloni, alirekodi ndege kwa bidii, na mwaka 1958 rekodi zake zilitolewa kwa jina la Voices of African Birds. Zilitolewa Marekani, na Chuo Kikuu cha Cornell. Huko Cornell ndiko iliko Macaulay Library, ambayo asili yake ni rekodi zilizofanywa mwaka 1929 na ambayo leo ina zaidi ya rekodi milioni moja za sauti za wanyama. Mkenya anayetaka kujua msitu wa nyumbani kwake ulisikika vipi katika miaka ya 1950 ataanzia ng'ambo.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu aliyetunza. Lau si maktaba hizo, yamkini sauti hizo zingekuwa zimeoza katika kabati la ofisi fulani ya wilaya. Mwenye kuokoa mali yako motoni hastahili kuitwa mwizi. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuendelea kumwachia jirani ufunguo wa nyumba yetu kisha tukalalamika kwamba tunabisha hodi.

Wapo watakaosema: kwa nini tusiwaachie wenye uwezo? Wana umeme usiokatika na mitambo bora. Jibu la kwanza ni kwamba hakuna ngome isiyobomoka. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, yenye mojawapo ya hazina kubwa za sauti duniani zikiwemo sauti za wanyamapori, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao na huduma zake zikavurugika kwa miezi mingi. Mnamo Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, na sisi wanaisimu tulipoteza humo kumbukumbu za lugha za wenyeji ambazo nyingine hazina tena msemaji. Kanuni ya watunza kumbukumbu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yazo iwe mbali na nyingine. Nakala ya Nairobi haishindani na ya Ithaca. Kila moja ni bima ya mwenzake.

Jibu la pili ni la maarifa. Anayetunza daftari ndiye anayeamua vichwa vya safu zake. Hazina ikiwa mbali, hakutakuwa na safu ya jina la Kiboran wala la Kigiriama, na hakuna atakayejua kwamba kijiji kilichotajwa kimebadilisha jina mara mbili.

Wengine watasema kwamba nchi yenye madarasa yasiyo na madawati haina fedha za kutunza milio ya vyura. Hoja hiyo nzito naiheshimu. Lakini tuipime. Terabaiti 30 za Kakamega zinatoshea katika diski chache unazoweza kuzibeba kwa kikapu. Gharama kubwa si diski. Gharama ni mtu: mkutubi wa sauti anayepokea kanda, anayemrudishia mtafiti fomu yake aijaze upya, anayenakili diski kuukuu kabla haijakufa, na anayelipwa mshahara hata baada ya mradi wa wafadhili kufikia kikomo. Miradi yetu hununua vifaa kwa wingi na huajiri watu kwa miezi. Vifaa hubaki, watu huondoka, na maarifa ya wapi palitundikwa nini huondoka nao.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Tunayo Makumbusho ya Taifa, yenye uzoefu wa miaka mingi wa kutunza vielelezo vya ndege na wadudu. Tunayo Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori huko Naivasha, iliyotokana na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Tunao mtandao wa vyuo vikuu wa KENET. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka dola ilinde bayoanuwai pamoja na maarifa ya jamii kuihusu. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuviunganisha.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, leseni ya utafiti inayotolewa na NACOSTI kwa yeyote anayetundika kinasasauti katika ardhi ya Kenya imtake aache nakala nchini, pamoja na maelezo yaliyojazwa kwa fomu moja inayoeleweka na wote: mahali, saa na majira yaliyotumika, kifaa, aliyenasa, na orodha ya majina iliyofuatwa. Pili, hata kabla ya kupata chumba cha kuziweka kanda, tuanze na rejista: nani ana nini, na kiko wapi. Rejista haihitaji terabaiti. Inahitaji ukweli. Tatu, vyuo vikuu vikubali kwamba mhadhiri aliyeandaa na kuorodhesha rekodi elfu kumi kwa usahihi amefanya kazi ya kitaaluma, na aihesabiwe anapoomba kupandishwa cheo. Leo anayeandika makala ya kurasa nane kutokana na kanda hutuzwa, ilhali aliyezitunza kanda hizo haambiwi hata ahsante. Tutawezaje kushangaa kwamba hakuna anayezitunza?

Nimalizie kwa ushahidi wa nyumbani kwangu, kwa maana wanaisimu hatuna haki ya kumnyooshea mwanaikolojia kidole. Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa sanduku la kanda za marehemu mwalimu mmoja aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1980. Kanda mojawapo ilikuwa na maandishi haya tu: "Mzee, siku ya pili." Niliisikiliza hadi mwisho. Mzee anasimulia vizuri, kwa lahaja ninayoweza kukisia tu ni ya upande gani. Nyuma yake, sauti yote hiyo, msitu unalia: hondohondo, nyani mbali kidogo, na jioni inapoingia, vyura kwa mamia. Pengine msitu huo sasa ni shamba la mahindi. Pengine ungali umesimama, na rekodi hii ingetwambia umepungukiwa na nini. Sitajua kamwe, kwa kuwa mwalimu wangu hakuandika jina la mahali, na hayupo tena wa kuulizwa.

Alikuwa msomi hodari, na kazi yake naiheshimu hadi leo. Alichosahau kilimgharimu sekunde kumi za kalamu. Hivi sasa, katika makabati na diski za vyuo vyetu, wapo watafiti hai ambao bado wanakumbuka ni mti gani walioutundikia kinasasauti, na mvua ilinyesha lini. Tuwaendee na daftari wangali wanakumbuka.